HAMBURG: MJI ULIOFUNZWA NA MOTO NA MAJI

Na Msafiri

Mkulima wa kahawa wa Nyeri, Meru au Kisii huijua safari ya kahawa yake mpaka kiwandani, ambako matunda mekundu humenywa, huoshwa na kuanikwa. Karani wa chama chake cha ushirika huijua mbele kidogo, mpaka mnadani Nairobi na bandarini Mombasa. Lakini huko ng'ambo kahawa inakokwenda, wengi wetu hatukujui ila kwa majina yaliyoandikwa katika makaratasi ya meli. Moja katika majina hayo ni Hamburg, mji wa Ujerumani ya Kaskazini. Nilikaa huko majuma matatu, na katika makala haya nataka kuwaeleza wasomaji jinsi watu wa mji huo wanavyoishi, na hasa jinsi walivyofunzwa na maafa yaliyowapata.

Hamburg haukujengwa ufukoni. Uko kando ya mto Elbe, yapata kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini, na meli kubwa huupanda mto huo mpaka mjini. Wakazi wake ni kama 1,900,000, na katika Ujerumani yote mji unaoushinda kwa ukubwa ni Berlin peke yake. Tena Hamburg ni mji na ni jimbo pia, mojawapo ya majimbo 16 ya nchi hiyo, lenye bunge lake na serikali yake iitwayo Senati. Wenyeji huhesabu umri wa bandari yao tangu tarehe 7 Mei 1189, na kila mwaka huisherehekea siku hiyo kama watu washerehekeavyo siku ya kuzaliwa mtoto.

DESTURI ZA KILA SIKU

Nilifika kwa treni katika stesheni kuu, iliyofunguliwa mwaka 1906. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hapakuwa na lango la kukagulia tikiti. Mtu hununua tikiti yake, hushuka ngazi, hupanda treni ya mjini, wala hapana amwulizaye neno. Lakini mara kwa mara wakaguzi waliovaa nguo za kawaida huingia ghafula, na asiye na tikiti hutozwa euro 60, awe maskini au tajiri. Basi watu hulipa, na treni hazicheleweshwi na msongamano wa langoni.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mwalimu aliyestaafu, ambaye mwanawe nilifahamiana naye Nairobi. Nilimwita Mama, kama ilivyo desturi yetu kwa mtu wa umri wake. Siku za kwanza alicheka, hata mwisho akaitikia bila kucheka. Usiku mmoja tulipokuwa tukirudi nyumbani tulimkuta mzee na mbwa wake wamesimama kando ya njia, wakingoja taa ya kijani, ingawa hapakuwa na gari hata moja. Mama naye alisimama. Nilipomwuliza sababu alinijibu kwamba huenda yuko mtoto dirishani anatazama, na mtoto hujifunza kwa macho kabla ya kujifunza kwa masikio.

Salamu yao ni neno moja tu, "Moin", nalo hutumika asubuhi, mchana na usiku. Kwetu sisi tuliozoea kuulizana habari za nyumbani, za watoto na za mifugo, salamu hiyo ni fupi mno. Lakini dereva wa basi huitoa, mwuza mkate huitoa, na mtu usiyemjua mkutanapo ngazini huitoa, hata mgeni asijione ametupwa.

Nyumbani kwa Mama yako mapipa ya taka ya namna nne: la karatasi, la mabaki ya chakula, la makopo na plastiki, na la taka nyinginezo. Chupa tupu za vioo hupelekwa katika mapipa yaliyowekwa barabarani. Anunuaye kinywaji katika chupa ya plastiki hutoa rehani ya senti 25 za euro, naye hurudishiwa fedha hiyo akiirudisha chupa dukani. Kwa hiyo chupa hazizagai njiani. Lakini mara nyingi niliwaona wazee wakichungulia mapipa ya mitaani na tochi mkononi, wakitafuta chupa zilizotupwa na wengine ili wapate senti hizo. Mji ni tajiri, lakini si kila mtu aliyemo ni tajiri.

Jumapili maduka hufungwa kwa amri ya sheria, na mtu hawezi kutoboa ukuta wala kukata majani kwa mashine, kwa kuwa kelele zitawasumbua majirani. Mahali penye shughuli asubuhi hiyo ni soko la samaki la Altona, ambalo limekuwako tangu mwaka 1703. Wakati wa kiangazi hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, na wakati wa baridi saa moja, nalo hufungwa saa tatu na nusu. Wauzaji hunadi samaki, ndizi na maua kwa sauti kuu na kwa mizaha, na kama hukijui Kijerumani utafikiri wanagombana.

Wasomaji walio wakulima watapenda kusikia habari za bustani ndogo ambazo watu wa mji hukodi. Mama anayo moja. Sheria ya mwaka 1983 husema kwamba bustani isizidi meta za mraba 400, yaani kama sehemu moja ya kumi ya eka, na kibanda kilichomo kisizidi meta za mraba 24, wala mtu asifanye makao humo. Tena sehemu moja katika tatu ya bustani lazima ipandwe matunda na mboga, si maua na majani matupu. Katika kipande chake Mama alikuwa na viazi, maharagwe, kabichi na mitufaha miwili, na pembeni shimo la mbolea ya majani iliyooza vizuri. Nilimsaidia kupalilia, naye akastaajabu kwamba mtu wa ofisini hajasahau jembe.

KUTOKA JUU YA MNARA

Mgeni atakaye kuuona mji mzima na apande mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli, ambalo wenyeji huliita Michel. Urefu wake ni meta 132, na ngazi za kufikia mahali pa kutazamia ni 453, ingawa lifti iko kwa wasiotaka kutoka jasho. Kila siku saa nne asubuhi na saa tatu usiku mpiga tarumbeta hupiga wimbo wa dini kutoka mnarani kwa pande nne za dunia, dirisha baada ya dirisha. Jumapili hupiga mara moja tu, saa sita mchana. Desturi hiyo ina umri wa miaka kama 300.

Kutoka huko juu unaona upande wa kusini bandari na winchi zake zinazonyanyua makontena. Upande wa kaskazini unaona ziwa la Alster lenye mashua za matanga meupe. Kila mahali unaona mifereji na madaraja, kwa maana mji una madaraja kama 2,500. Hata mabata maji wakubwa weupe wa ziwani wana mtumishi wao anayelipwa na mji. Majira ya baridi yakikaribia huwakusanya kwa mashua na kuwapeleka katika bwawa ambalo maji yake huzuiwa yasigande.

Lakini ukitazama sana utaona kwamba nyumba za zamani hasa ni chache kwa mji wenye umri huo. Sababu ni maafa manne yaliyoupata katika muda wa miaka 120.

MOTO NA KIPINDUPINDU

La kwanza lilikuwa moto. Tarehe 5 Mei 1842 moto ulizuka katika mtaa wa Deichstraße, ukawaka mpaka tarehe 8. Watu 51 walikufa na kama 20,000 walikosa makao. Baada ya hapo mji ulimtumia mhandisi Mwingereza, William Lindley, kupanga mitaa upya, naye akachimba mifereji ya maji machafu chini ya ardhi, miongoni mwa mifereji ya kwanza ya namna hiyo katika bara la Ulaya. Pia alijenga mitambo ya kuwaletea watu maji ya mto majumbani.

Hata hivyo jambo moja halikutimizwa. Maji hayo yalivutwa kutoka mto Elbe, wala hayakuchujwa. Habari za kujenga machujio ya mchanga zilijadiliwa miaka mingi, na kila mara gharama ilionekana kubwa. Mji jirani wa Altona, ambao siku zile ulikuwa chini ya Prussia, ulivuta maji yake mahali pabaya zaidi, chini ya mto, ambako uchafu wa Hamburg ulikuwa umekwisha kuingia. Lakini Altona uliyachuja maji yake kwa mchanga.

Mwezi wa Agosti 1892 kipindupindu kiliingia. Katika muda wa wiki chache Hamburg ulipoteza watu kama 8,600. Altona ulipata wagonjwa wachache. Palikuwa na mitaa iliyo mpakani, upande mmoja wa njia ukinywa maji ya Hamburg na wa pili maji ya Altona, na ugonjwa ulisimama katikati ya njia. Watu walikuwa wa kabila moja, wenye kazi moja na hewa moja, wakatofautiana kwa maji tu. Ndivyo ulimwengu ulivyopata ushahidi ambao haungeweza kubishwa kwamba kipindupindu husafiri katika maji.

Dr. Robert Koch, aliyetumwa kutoka Berlin, alitembezwa katika vichochoro vya maskini karibu na bandari, akawaambia waliofuatana naye kwamba alikuwa amesahau kama yuko Ulaya. Huyo ndiye Koch aliyekuja huku Afrika ya Mashariki baadaye, mwaka 1906, kuchunguza ugonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, na dawa aliyoijaribu huko iliwapofusha baadhi ya wagonjwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Machujio yaliyokuwa ghali mno kwa miaka mingi yalikamilishwa mwaka 1893, mara baada ya mazishi.

MNARA USIO NA KANISA

Afa la tatu lilikuwa vita. Katikati ya mji unasimama mnara mweusi wa kanisa la Mtakatifu Nikolai, wenye urefu wa meta 147, ambao tangu 1874 hata 1876 ulikuwa jengo refu kuliko yote duniani. Mnara upo, lakini kanisa lenyewe halipo. Pale palipokuwa na paa pana mbingu, na pale palipokuwa na viti vya waumini pana kokoto.

Mwisho wa Julai 1943 ndege za Uingereza usiku na za Marekani mchana ziliushambulia mji mfululizo. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai, hewa ilikuwa ya joto na kavu, na mioto mingi iliungana ikawa tufani moja ya moto iliyovuta upepo kutoka pande zote na kuwaangusha watu waliokuwa wakikimbia. Katika mashambulio hayo walikufa watu wapatao 34,000, na nyumba za mitaa mizima zikawa vifusi.

Ujerumani ilikuwa imekwisha kuyafanya hayo kwa miji ya wengine. Katika chumba kilicho chini ya mnara huo yamewekwa maonyesho ya habari za Hamburg pamoja na habari za Warsaw na Coventry, miji iliyopigwa mabomu na Wajerumani. Nilipenda sana jambo hilo, kwa kuwa ni vigumu mtu kuonyesha jeraha lake bila kuficha jeraha alilomtia mwenzake. Nje ya mji, mahali paitwapo Neuengamme, ilikuwako kambi ya mateso tangu 1938 hata 1945. Wafungwa walifanyizwa matofali kwa ajili ya majengo ya Hamburg, na baada ya mashambulio walilazimishwa kuondoa vifusi na maiti. Katika kambi hiyo na matawi yake walikufa watu wasiopungua 42,900.

Ukitembea mjini utaona chini, mbele ya milango, vijiwe vya shaba ya manjano vyenye ukubwa wa sentimeta 10 kila upande. Kila kimoja kimeandikwa jina la mtu aliyekaa nyumba hiyo, mwaka aliozaliwa, na mahali alipouawa. Kazi hiyo ilianzishwa na fundi wa sanaa Gunter Demnig, na katika Hamburg peke yake vijiwe vimepita 6,000. Mbele ya nyumba ya Mama viko viwili, naye huvipangusa kila mwaka mwezi wa Novemba. Kimojawapo cha Berlin kina jina la mtu wa pwani yetu, Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin, akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

USIKU WA MAFURIKO

Afa la nne Mama aliliona kwa macho yake. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Februari 1962, tufani kutoka Bahari ya Kaskazini iliyasukuma maji ndani ya mto Elbe. Maboma ya udongo yaliyozuia maji yalivunjika mahali pengi, na kisiwa cha Wilhelmsburg kikafunikwa watu wakiwa usingizini. Yeye alikuwa na umri wa miaka tisa. Baba yake alivunja dari, akawapandisha wote juu ya paa, wakakaa huko mpaka kulipopambazuka, nguo zao za kulalia zikiganda kwa baridi. Aliniambia kwamba hakumbuki kulia, ila anakumbuka ng'ombe wa jirani, waliolia mpaka wakanyamaza.

Katika Hamburg walikufa watu 315. Wengi wao walikuwa wakikaa katika vibanda vya bustani, kwa sababu nyumba zao zilichomwa mwaka 1943, na miaka kumi na tisa ilikuwa imepita bila wao kupata nyumba nyingine. Basi bomu lililoangushwa zamani liliwaua kwa njia ya maji. Tangu nilipolisikia jambo hilo nilifahamu kwa nini Mama hakubali mtu alale kibandani mwake, hata usiku mmoja.

Mkuu wa polisi katika Senati wakati huo alikuwa Helmut Schmidt, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Ujerumani ya Magharibi, 1974 hata 1982. Yeye aliita majeshi na helikopta zao bila kungoja ruhusa ya kisheria, na maelfu ya watu waliokolewa. Kisha maboma yaliinuliwa. Mnamo Januari 1976 maji yalipanda tena, safari hii juu zaidi kuliko 1962, na maboma mapya yaliushika mji. Leo urefu wake ni kama kilomita 100, na mtu hupanda juu yake Jumapili jioni kutazama meli.

MAGHALA YA KAHAWA

Sasa turudi kwa kahawa. Karibu na bandari iko Speicherstadt, yaani mji wa maghala: safu ndefu za majengo ya matofali mekundu, yenye orofa nyingi, yaliyosimama juu ya maelfu ya magogo yaliyopigwa katika tope. Yalifunguliwa mwaka 1888, na ili yajengwe, watu kama 20,000 waliokuwa wakikaa mahali hapo walihamishwa. Humo ziliwekwa kahawa, chai, kakao, viungo na mazulia kutoka duniani kote. Siku hizi mizigo mingi husafiri katika makontena na kuhifadhiwa mahali pengine, na maghala yamekuwa maofisi na makumbusho. Tangu 2015 yamehesabiwa katika urithi wa dunia.

Wakaangaji wachache wa kahawa wamebaki humo. Niliingia kwa mmoja, nikaona magunia ya nchi nyingi, na moja limeandikwa Kenya AA. Mkaangaji alipojua nitokako alichota kahawa kiganjani, akainusa, akaisifu kama mtu asifuvyo farasi. Kisha tukapiga hesabu pamoja, nayo nawaandikia wakulima waihakikishe wenyewe. Ili kupata kilo moja ya kahawa iliyokaangwa inatakiwa kilo moja na robo hivi ya kahawa isiyokaangwa, kwa kuwa moto hupunguza uzito. Na ili kupata hiyo, mkulima huchuma matunda mekundu kama kilo nane. Kilo moja iliyokaangwa hutoa vikombe kama 125, na kikombe kimoja nilikinunua kwa euro tatu. Jumla ni euro 375.

Fedha hiyo si faida tupu. Mna mshahara wa mtumishi, kodi ya nyumba, umeme, maziwa na nauli ya meli. Serikali ya Ujerumani nayo hutoza kodi yake ya kahawa, euro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa, yoyote itokako. Lakini mkulima na alinganishe malipo ya kilo nane za matunda yake na kodi hiyo peke yake, naye ataona ni kwa nini wafanya biashara wa Hamburg waliweza kujenga kwa matofali na vyuma. Sehemu kubwa ya thamani huingia baada ya kahawa kukaangwa, kufungwa na kupewa jina, na kazi hizo hufanyika huko. Mkaangaji hakulificha jambo hilo. Alisema kwamba kahawa iliyokaangwa hupoteza harufu upesi, kwa hiyo hukaangwa karibu na mnywaji. Ni kweli, lakini si sababu yote. Mnunuzi hulipia pia jina analolijua, na majina hayo yamejengwa kwa muda mrefu.

PWANI YETU HUKO HAMBURG

Mji huu ulifanya biashara na pwani yetu kabla ya wakati wa utawala wa Wajerumani. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa Unguja tangu mwaka 1849, ikachukua kauri za pwani na kuzipeleka Afrika ya Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Kutokana na biashara hiyo ya Unguja, Hamburg ulimpata Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa Aden mwaka 1867 na Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg, akaitwa Emily. Mumewe alikufa mwaka 1870 katika ajali ya gari la reli lililovutwa na farasi, akamwachia watoto watatu katika nchi ya baridi. Alifundisha lugha ili apate riziki, na mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake. Alifariki mwaka 1924, na kaburi lake liko Ohlsdorf, makaburi makubwa hata mabasi hupita ndani yake. Nilikwenda kulizuru. Ni mahali pa kimya, penye miti mirefu isiyokuwako Unguja.

Katika Chuo Kikuu, kilichoanzishwa mwaka 1919, Kiswahili hufundishwa, na kabla ya chuo hicho profesa Carl Meinhof alikuwa akifundisha lugha za Kiafrika mjini tangu 1909. Msichana mmoja Mjerumani aliniamkia "Shikamoo" bila kukosea, nami nikamwitikia "Marahaba" kwa furaha. Kando ya jengo hilo ilisimama zamani sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyelivunja jeshi la Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani mwaka 1889. Sanamu ilisimamishwa kwanza Dar es Salaam, ikaondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa. Wakaiangusha tena mwaka 1968, isirudishwe. Tangu mwaka 2010 Hamburg na Dar es Salaam ni miji iliyofungamana kwa udugu.

GHARAMA YA KUNGOJA

Sitaki wasomaji wadhani kwamba watu wa Hamburg hawakosei tena. Bandarini liko jumba la muziki, Elbphilharmonie, lililojengwa juu ya ghala la zamani la kakao na chai, nalo lilifunguliwa mwaka 2017. Ni zuri mno, na mtu yeyote anaweza kupanda mpaka ubarazani kutazama mto. Lakini wananchi waliambiwa kwamba mji utatoa euro milioni 77, na mwisho ukatoa milioni 789. Nilipomtajia Mama hesabu hiyo alitikisa kichwa, kisha akasema kwamba bado ni nafuu kuliko boma la maji lisilojengwa.

Maneno hayo niliyatafakari sana. Machujio ya maji yangalijengwa Hamburg kabla ya 1892, watu 8,600 wasingalizikwa kwa ajili ya kuokoa fedha. Nyumba zingalijengwa mapema baada ya vita, mamia wasingalikutwa na maji vibandani. Kila mara fedha ilitolewa, na kila mara ilitolewa baada ya mazishi. Machujio, mifereji na maboma, vitu ambavyo mgeni hapigi picha, ndivyo vinavyouwezesha mji kulala usingizi.

Kwetu nako mito hufurika, na kipindupindu hakijatuacha. Basi ndugu msomaji, makadirio ya fedha yakisomwa katika baraza la kwenu, na mmoja akasimama akasema kwamba maji safi au daraja au mfereji ni ghali mno mwaka huu, msikilize kwa adabu mpaka amalize. Kisha mwombe aeleze pia gharama ya kungoja.